VSAT ya mkono wa pili Pangani, leseni ni ya nani?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Pangani, nna kagesti upande wa Ushongo na mtandao wa simu huku unakatakata. Kuna kampuni ilikua shambani imefunga kazi, wameniuzia VSAT yao, yaani mtambo wa intaneti ya setilaiti, dishi la mita 1.2, BUC (kile kifaa cha kurushia mawimbi) ya wati 4 na modemu. Muuzaji anasema nisihofu, mwenye setilaiti ana leseni ya kimataifa, mi nilipie bando tu. Ni kweli? Na nikiuza wai-fai kwa vocha kwa majirani je? Jamaa mwengine ananambia niachane nayo, nikachukue kidishi cha Starlink Mombasa nipite nacho mpakani Horohoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo muuzaji anataka pesa yake tu, leseni ya kimataifa ya namna hiyo haipo. Mwenye setilaiti anaombewa nafasi yake angani na serikali ya nchi aliyojisajili, maombi yanapelekwa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kule Geneva, na ITU yenyewe haimpi mtu leseni, kazi yake kuratibu nchi na nchi zisiingiliane masafa. Hayo ni mambo ya huko juu kilomita 35,786. Mawimbi yanayotoka ardhi ya Pangani kwenda huko, mwenye kuruhusu ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, ile wanaiita EPOCA.

Watu wanachanganyikiwa kwasababu ya madishi ya tivi, maana Tanga hii kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone mapaa yamejaa na hakuna anaeulizwa leseni. Yale yanapokea tu. Lako lina BUC, linarusha, kwenye gigahezi 14 hivi, na kinachorusha kinaweza kumuharibia mwengine. Setilaiti zimejipanga mstari mmoja juu ya ikweta na kuna zilizoachana digrii 2 tu, alafu dishi la mita 1.2 mwale wake wenyewe una upana wa digrii moja na kidogo, sasa kusi ikivuma na nati zimeliwa na kutu ya chumvi dishi linasogea kidogo tu ushaanza kumrushia makelele mteja wa setilaiti ya pili, we hata hujui, unaona tu spidi imeshuka unamlaumu mwenye bando.

Sasa leseni ya nani. Kwa gesti nakushauri uwe mteja wa kampuni ya VSAT yenye leseni hapa nchini, wao wabebe leseni ya masafa. Ila usikubali maneno matupu, waambie wakuonyeshe kituo chako kimeandikwa kwenye leseni yao, mahali na koodineti. Ile ya kampuni iliyokuuzia haikuja na dishi, leseni haihami kwa karatasi ya mauziano, lazima TCRA iridhie, na waulize kabisa kama walishatoa taarifa ya kufunga kituo kile cha shambani. Vifaa vyenyewe navyo viwe vimeidhinishwa na TCRA, na fundi atakaekufungia awe na leseni ya kufunga na kutengeneza mitambo ya mawasiliano. Mafundi wa madishi ya tivi wapo wengi na kazi wanaijua, lakini kituo cha kurusha ni habari nyengine.

Ukitaka kuomba mwenyewe jiandae na fomu ya kiufundi, na hapo ndo wengi wanarudishiwa maombi. Watataka jina la setilaiti na nafasi yake, masafa ya kwenda na kurudi, polarishesheni (mkao wa mawimbi, wima au mlalo), uelekeo na mwinuko wa dishi, na nguvu inayotoka, yaani EIRP. Hii ya mwisho watu wanaandika "wati 4" wanaenda zao. Sio hivyo. Wati 4 ni kama desibeli 6 za wati, dishi la mita 1.2 kwa gigahezi 14 linaongeza kama 43, toa nusu desibeli ya upotevu kwenye maungio, unapata 48.5 hivi, hiyo ndo unaandika. Koodineti nazo angalia, Pangani iko kama digrii 5 dakika 26 KUSINI, ukisahau kusini au ile alama ya kutoa kituo chako kinahamia Ethiopia, na mhandisi anaepitia fomu hana muda wa kukuonea huruma.

Vocha sasa. Kuwapa wageni wako wai-fai ndani ya gesti ni jambo moja, kuuzia mtaa ni biashara ya mawasiliano. Leseni za TCRA ziko mafungu manne, miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi (yaani kumuuzia mtumiaji huduma yenyewe, kama intaneti) na maudhui, alafu kuna ngazi ya kimataifa, taifa, mkoa na wilaya. We utaangukia huduma za matumizi ngazi ya wilaya, ndo maana usiogope ukisikia ada za makampuni makubwa, ngazi yako ni ya chini. Na mkataba wako wa bando usome, wauzaji wengi wanakataza kuuza tena.

Kuhusu Mombasa, Starlink ilianza Kenya Julai 2023 kwa leseni ya Kenya, na leseni ya Kenya inaishia Lungalunga, upande wao wa mpaka. Ukishavuka Horohoro una kifaa kinachorusha kwenye nchi nyengine, tena ukiingiza kimya kimya una kesi ya forodha juu yake. Kidishi kuwa kidogo hakibadili kitu, kinarusha kama hilo lako.

Kwahiyo kwa sasa usiiwashe. Kalipige picha libandiko la BUC na la modemu, namba zote zionekane, uwapelekee wenye VSAT wawili watatu uwaulize kama mitambo yao inapokea modemu hiyo. Ikikataliwa ujue ulichonunua ni dishi na waya, mrudie muuzaji mzungumze bei upya.