Maswali ya Wasomaji: Je, Kikomboleo Kilicholipwa kwa Bitcoin Hufuatilika?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha. Jumatatu asubuhi tulipowasha kompyuta tulikuta mafaili yote ya ankara na nyaraka za wateja hayafunguki, na kwenye kioo kuna ujumbe unaotutaka tulipe dola 8,000 kwa Bitcoin ndani ya saa 72, la sivyo kiasi kitaongezwa maradufu. Mkurugenzi anataka kulipa kimyakimya. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema hakuna faida ya kwenda polisi, kwa kuwa fedha za aina hiyo hazifuatiliki kabisa. Je, ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kijana wenu amekosea, ingawa dhana yake ni ya watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahalifu wenyewe, ambao wameilipia kwa vifungo. Bitcoin, ambayo ni sarafu ya kidijitali, ilipoanza kufanya kazi Januari 2009 iliwekewa utaratibu ambao kila muamala huandikwa katika daftari moja la pamoja, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na ambalo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma bila kuomba kibali cha hakimu wala cha benki. Kilichoandikwa humo hakifutwi. Kinachokosekana ni jina la mtu tu.

Tazameni tena ujumbe mliotumiwa. Kwa kawaida huwa na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na 1, au 3, au bc1. Hiyo ndiyo anwani ya kupokelea fedha. Mkiinakili na kuitafuta katika mojawapo ya tovuti zinazoonyesha daftari la Bitcoin, mtaona imepokea kiasi gani, siku gani na saa ngapi, na kama fedha zimekwishaondolewa mtaona pia zimeelekea anwani gani nyingine. Katika fedha za simu mambo ni kinyume: mtoa huduma anajua jina na namba ya kitambulisho cha kila mwenye laini, lakini kumbukumbu zake zimefungwa, na mpelelezi hazioni mpaka afuate utaratibu wa kisheria. Kwenye Bitcoin jina limefichwa na njia iko wazi. Kwenye fedha za simu njia imefungwa na jina linajulikana. Kazi ya mpelelezi wa Bitcoin, basi, ni kulitafuta jina, na jina hilo mara nyingi hupatikana pale sarafu zinapobadilishwa kuwa dola au shilingi, kwa sababu masoko mengi makubwa ya kubadilishia sarafu hizo humtaka mteja atoe kitambulisho na picha ya uso.

Ipo njia nyingine pia. Muamala mmoja unapolipwa kwa kukusanya salio kutoka anwani kadhaa, kwa kawaida anwani hizo zote huwa za mwenye pochi mmoja, kwa kuwa ni lazima awe na ufunguo wa siri wa kila moja, yaani namba ya siri inayomruhusu kutumia fedha za anwani hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzao walionyesha kwamba kwa kanuni hiyo, na kwa kufanya manunuzi yao wenyewe ili kujua anwani za wafanyabiashara na masoko, sehemu kubwa ya daftari ingeweza kugawanywa katika makundi yenye wenyewe. Leo ipo biashara nzima ya kazi hiyo. Kampuni ya Chainalysis, iliyoanzishwa mwaka 2014, huyauzia majeshi ya polisi na mabenki programu za kufuatilia sarafu.

Mfano mzuri zaidi ni wa Colonial Pipeline, kampuni ya Marekani yenye bomba la mafuta la takriban kilomita 8,850 kutoka Texas hadi eneo la New York. Tarehe 7 Mei 2021 kompyuta zake zilifungwa na kundi lililojiita DarkSide, lililoingia kwa nywila ya akaunti ya zamani ambayo haikuwa na uthibitisho wa pili. Kampuni ilisimamisha bomba kwa siku kadhaa, magari yakapanga foleni kwenye vituo vya mafuta vya majimbo ya kusini-mashariki, na siku iliyofuata ikalipa bitcoin 75, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya dola milioni 4.4 hivi. Hata hivyo, kampuni ilikuwa imewaarifu wapelelezi wa FBI mapema. Hao waliketi wakasoma daftari lile lile ambalo wewe na mimi tunaweza kulisoma, wakaziona sarafu zikihama anwani hadi anwani, mpaka tarehe 27 Mei ambapo bitcoin 63.7 zilikuwa zimetua katika anwani moja. Kiasi hicho ni asilimia 85 ya malipo, mgawo unaolingana na wa mtu aliyefanya uvamizi wenyewe, kwa maana DarkSide walikodisha programu yao kwa wengine na kubaki na kamisheni. Tarehe 7 Juni Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuwa imezikamata sarafu hizo kwa amri ya mahakama, kwa kuwa FBI walikuwa na ufunguo wa siri wa anwani ile. Waliupataje, hawakueleza hadharani. Thamani yake ilikuwa imeshuka hadi dola milioni 2.3, kwa sababu bei ya Bitcoin ilianguka katika wiki hizo nne.

Jambo lenye uzito katika kisa hicho ni haraka ya kutoa taarifa. Kwa hiyo chomoeni nyaya za mtandao za kompyuta zilizoathirika, lakini msizifute. Pigeni picha ujumbe wote, hifadhini anwani ya malipo na mafaili mawili matatu yaliyofungwa, kisha mpeleke vitu hivyo polisi, kwenye kitengo cha makosa ya mtandao, na mtoe taarifa pia kwa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kabla ya kufikiria kulipa, pitieni tovuti ya mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Hutoa bure funguo za aina nyingi za programu hizi, na huenda yenu imo. Mwambie pia mkurugenzi kwamba kulipa si kununua. Programu ya WannaCry, iliyoenea duniani kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza, iliwaelekeza wahanga wote kwenye anwani tatu tu, hivyo hata mwenye programu hakuwa na namna nzuri ya kujua ni nani aliyelipa na nani hakulipa. Tena kampuni iliyosajiliwa Tanzania inayokwenda kununua Bitcoin kimyakimya inapaswa kwanza kumuuliza wakili wake, kwa kuwa tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema sarafu hizo hazitambuliki kisheria nchini, na tangu mwaka 2024 sheria ya fedha inatoza kodi ya zuio kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

SWALI: Kama kila kitu kiko wazi, mbona wadai vikomboleo wanazidi kutamba? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kuona fedha zilipo si sawa na kumfikia aliyezishika. Mdai kikomboleo wa kwanza wa kompyuta anayejulikana, Joseph Popp, Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya, mwaka 1989 alituma kwa posta maelfu ya disketi zenye programu iliyodai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama, na haikuchukua muda kabla ya kukamatwa. Warithi wake wengi huishi katika nchi ambazo haziwapeleki raia wao kushtakiwa Marekani wala Ulaya, na hapo daftari wazi halimsaidii hakimu.

Halafu zipo mbinu. Wapo wanaopitisha sarafu katika huduma za kuchanganya, ambako fedha za watu wengi hukorogwa pamoja kisha kila mmoja hupewa kiasi chake kutoka kwingine. Huduma moja ya namna hiyo, ChipMixer, ilifungwa na polisi wa Ujerumani na Marekani Machi 2023. Wapo wanaohamia Monero, sarafu iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo huficha mtumaji, mpokeaji na kiasi. Monero ni ngumu kweli kweli kuifuatilia, sitaki kumdanganya msomaji. Lakini wahanga wengi huona taabu kuinunua, na kwa sababu hiyo wadai wengi bado hukubali Bitcoin.

Kinachowaangusha zaidi ni subira ya wanaowafuata. Sarafu za Bitcoin takriban 120,000 zilizoibwa katika soko la Bitfinex Agosti 2016, zikiwa na thamani ya dola milioni 70 na ushei, zilifuatiliwa hadi kwa mume na mke wa New York waliokamatwa Februari 2022, na zaidi ya 94,000 kati yake zikapatikana kwa sababu mume alikuwa amehifadhi funguo katika faili lililokuwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Kutoka Silk Road, soko haramu la mtandaoni lililojulikana kwa kuuza dawa za kulevya, ziliibwa mwaka 2012 sarafu zaidi ya 50,000. Miaka tisa baadaye wapelelezi walizikuta katika nyumba moja jimboni Georgia, nyingine zikiwa kwenye kasha la sakafuni na nyingine ndani ya kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya mablanketi katika kopo la bisi, chooni.

SWALI: Nimetumiwa barua pepe yenye nywila yangu ya zamani. Mwandishi anasema amenirekodi kupitia kamera ya kompyuta nikitazama picha chafu, na anataka dola 900 kwa Bitcoin, la sivyo atawatumia ndugu zangu. (Msomaji asiyetaka kutajwa, Morogoro)

JIBU: Usilipe, na usimjibu. Nywila hiyo imetoka katika orodha zilizovuja kutoka tovuti fulani uliyowahi kujiandikisha, na barua kama hiyo hutumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Itafute anwani yake ya Bitcoin mtandaoni. Mara nyingi utakuta wengine wamekwisha kuilalamikia. Kama nywila hiyo bado unaitumia popote, ibadilishe leo hii.

SWALI: Huwa nauza sarafu za dola za kidijitali kwa watu ninaokutana nao mtandaoni, nao hunilipa kwa M-Pesa. Mwezi uliopita laini yangu ilifungiwa, nikaambiwa fedha niliyopokea imelalamikiwa na mtu nisiyemjua. Mimi nina kosa gani? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Inawezekana huna kosa, ila umetumiwa kama daraja. Mtindo huu umezoeleka: tapeli humdanganya mtu wa tatu atume shilingi moja kwa moja kwenye namba yako, wewe ukidhani umelipwa unaachia sarafu, tapeli anaondoka nazo, na aliyeibiwa anakwenda kuripoti namba pekee anayoijua, yaani yako. Andaa mazungumzo yote mliyofanya, risiti ya soko ulilotumia, na namba ya muamala wa sarafu inayoonyesha zilikwenda anwani gani, kisha ripoti mwenyewe polisi kabla hujaitwa. Tangu Novemba 2025 Kenya ina sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali inayowataka wawe na leseni, hivyo anayeigeuza kazi hii kuwa biashara ya kila siku apate kwanza ushauri wa wakili. Kwa sasa, jina la anayelipa kwenye ujumbe wa M-Pesa lisipolingana na jina la mnunuzi uliyekubaliana naye sokoni, usiachie sarafu. Ripoti muamala huo kwa soko na kwa mtoa huduma, na fedha irudi kwa njia rasmi ya kubatilisha muamala, wala usiitume kwa namba nyingine atakayokupa.