Hapati usingizi bila robo ya vodka: tuanze na pombe au na ajali?

SWALI: Niko mwaka wa tatu chuoni, Njoro. Mwaka jana mpenzi wangu alinusurika ajali ya matatu pale Salgaa. Rafiki aliyekuwa kiti kimoja naye alifariki. Tangu siku hiyo halali mpaka amalize robo ya vodka, na ikifika saa tisa usiku anashtuka akipiga kelele. Juzi alinikaba shingo akiwa usingizini. Hapandi matatu tena. Mshauri mmoja alimwambia aache pombe kwanza ndipo arudi wazungumzie ajali. Mimi hunywa naye kidogo ili asinywe peke yake. Tuanze na lipi?

JIBU: Dada yangu, yaanzeni yote mawili pamoja. Huo ushauri wa "acha kwanza, kisha uje" ndio unaopoteza wengi. Mtu anaambiwa aweke chini dawa pekee aliyojitafutia, halafu usiku anaachiwa ile ajali apambane nayo. Tiba ya kiwewe, ile inayomrudisha kwenye tukio hatua kwa hatua akiwa salama, inaweza kwenda sambamba na tiba ya ulevi.

Sasa hiyo saa tisa. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huzuia usingizi wa ndoto nusu ya kwanza ya usiku. Kileo kikianza kuisha mwilini, ndoto hurudi kwa nguvu, moyo nao unaenda mbio. Robo haimwondolei ajali, inamsogezea saa tu. Na robo si kidogo: mililita 250 za kinywaji cha asilimia 40 ni karibu gramu 79 za alkoholi tupu, kama bia nne au tano za nusu lita. Kila usiku!

Hata hivyo, usimshurutishe aache leo. Muulize kama asubuhi mikono hutetemeka na jasho kumtoka mpaka atoe loki, yaani anywe tena kidogo, ndipo atulie. Akikubali, mwili umeshazoea, na kukata ghafla kunaweza kumwangusha kama mtu wa kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, au kumfanya aweweseke siku zinazofuata. Hapo anahitaji daktari, dawa za kumtuliza, vitamini B1 na mtu wa kumwangalia. Kama hana dalili hizo, anaweza kupunguza kidogo kidogo huku akimwona mshauri.

Nawe acha hiyo glasi ya kumsindikiza. Unadhani unamchunga, kumbe unamwandalia meza. Akikukaba macho yakiwa yamefumba, ujue yuko Salgaa: usimtikise, jinasue, washa taa, simama mbali, umwite jina. Kwa sasa laleni vitanda tofauti, na wala si kumkataa. Lakini akikusukuma akiwa macho makavu kwa sababu umechelewa kutoka diskasheni, hapo usimsingizie ajali. Na akikwambia ukimwacha atajiua, muulize waziwazi kama amepanga namna ya kufanya hivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake usiku huo, waite watu wa kwao, mpelekeni kasualti. Kubaki kwenye uhusiano ni uamuzi mwingine kabisa, na ni wako.

Pa kuanzia ni kitengo cha ushauri nasaha hapo chuoni. Ulizeni moja kwa moja kama kuna anayetibu kiwewe. Si kila mshauri amesomea. Kuhusu pombe, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo.

Hilo la matatu mlitaje mapema kwa mtaalamu, maana kulikwepa gari ni sehemu ya ugonjwa, na kulipanda tena kutakuwa sehemu ya tiba. Kwa kawaida huanzia kwenye gari lililosimama stejini, mlango wazi, nawe au mshauri mkiwa kando yake. Wiki nyingine mnashuka kituo cha kwanza. Baadaye Njoro hadi Nakuru, mchana, na awe hajaonja kitu. Barabara ya Salgaa iacheni mpaka mwisho.