Jibu: Seli hugawanyikaje wakati jeni za kiinitete bado zimelala?

Ndugu wa Nyegezi, umeuliza nini huamuru seli za samaki pundamilia zigawanyike kabla jeni za kiinitete hazijaamka, na kama furu wa ziwa letu, Victoria, wanafaa kwa jaribio la kulichunguza hilo.

Mzigo wote ameufunga mama. Yai lina protini na RNA zake (nakala za maagizo ya jeni), na vimeng'enya viitwavyo kinasi huchukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye serini, threonini au tirosini, yaani asidi amino zinazojenga protini. Protini hubadilika, ikawaka au ikazima. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, huibandua fosfati hiyo. Hakuna kusubiri jeni isomwe, ndiyo maana kasi inashangaza mno: kwenye nyuzijoto 28.5 za Selsiasi, mgawanyiko wa kwanza huja dakika kama 45 baada ya kurutubishwa, kisha kila dakika 15 hivi, kinasi Cdk1 ikisukuma. Jeni za kiinitete huamka kwa wingi karibu saa ya 3.

Furu wanasumbua, wengi huatamia mayai mdomoni. Ningechukua kambale: vituo vya vifaranga vya samaki hukamua mayai na kuyarutubisha kwa mkono, kwa hiyo dakika ya kuanza unaijua. Sampuli zigandishe papo hapo, la sivyo fosfatasi zitafuta alama za fosfati unazozitafuta.