Kiwanja, nyumba ya marehemu na karatasi ya sheha: majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi safari hii na zaidi ya nusu yanauliza jambo moja, kwa hiyo nimechagua moja liwakilishe yote na walionitumia linalofanana nalo wasome hapo hapo, sitojibu mmoja mmoja.

*Assalaam alaykum. Nimenunua kiwanja Tunguu, tumeandikiana kwa sheha, mashahidi wanne na muhuri upo. Sasa nataka kujenga katokea mtu ana karatasi kama yangu, muuzaji yule yule, ila yake ya mwanzo kuliko yangu. Nani mwenye haki?*

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, nshaliandika hili mpaka nimechoka na kila mwezi linarudi. Sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa shehia, anawajua watu wake, kwa hiyo anaweza kushuhudia kwamba fulani na fulani wamekaa mbele yake wakapeana pesa. Muhuri wake unasema hivo tu. Haukupi ardhi, wala hausemi kama yule aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali tokea dikrii ya 1965. Tunachomiliki sisi ni haki ya matumizi, na inaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992. Ukitaka haki hiyo itoke kwa mtu ije kwako kwa kuuziana lazima ipite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ipo sheria yake, Na. 8 ya 1994, miaka yote hii ipo na watu wanauziana viwanja barazani kama wanauziana embe. Wewe hukupita Bodi, mwenzio hakupita Bodi, basi mlichonacho wote wawili ni ushahidi kwamba pesa zilitoka mfukoni. Mwenye karatasi ya mwanzo ana nguvu kidogo ya hoja kwa sababu muuzaji akishauza hana tena cha kukuuzia wewe, lakini Mahakama ya Ardhi itauliza mengi zaidi: muuzaji mwenyewe alikipataje, kimepimwa, bikoni (alama za mipaka) zipo, nani alikuwa anakitumia, majirani wanasema nini.

Ninachokuomba, usijenge. Nnajua kuna watu watakwambia mwaga msingi usiku, ukishasimamisha ukuta hakutoi mtu. Si kweli, wallahi nimeona nyumba zimefika linta zikaja kuvunjwa na mwenyewe amesimama pale anatizama akiba yake ya miaka kumi inageuka kifusi. Fungua shauri Mahakama ya Ardhi, omba zuio ili na yule asijenge, na muuzaji mripoti polisi maana kuuza kitu kimoja kwa watu wawili ni utapeli, hiyo ni jinai, musimuonee haya kwa kuwa ni mtu wa mtaani.

Na nyinyi ambao bado hamjanunua: kabla hujatoa hata shilingi moja nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize hicho kiwanja kinasomeka vipi, kwa nani, kwa matumizi gani. Mashamba mengi pembezoni mwa mji ni eka tatu, yale waliyopewa watu baada ya Mapinduzi ili walime, na leo mjukuu anakata vipande ishirini anauza bila ya kibali cha kubadilisha matumizi. Ukinunua kipande hapo unanunua na matatizo yake. Waulize pia ndugu zake muuzaji, si yeye peke yake.

*Nimepanga nyumba Kikwajuni miaka kumi na saba, mwenyewe yuko Oman na haji. Nimesikia ukikaa zaidi ya miaka kumi na mbili nyumba inakuwa yako.*

Hapana. Umekaa kwa ruhusa yake na kwa kodi yake. Hata miaka hamsini mpangaji ni mpangaji.

*Mwenye nyumba katupa wiki moja tuhame, tumelipa kodi ya miezi sita na imebaki miezi miwili. Jana kakata waya wa umeme na kasema kesho anakuja kung'oa mlango. Mkataba hatujaandika, ni mtu wa karibu na familia.*

Mtu wa karibu na familia, ndio hapo tunapoumia. Hata bila karatasi mkataba upo, maana kodi imelipwa na nyumba mnakaa, kwa hiyo miezi yenu miwili ni yenu. Mwenye nyumba akitaka kukutoa anakupa notisi ya kueleweka na kama hukubali anakwenda mahakamani kutafuta amri, hana ruhusa ya kung'oa mlango wala bati wala kukata umeme ili mutoke wenyewe, hayo ni kujichukulia sheria mkononi na akiyafanya nendeni polisi siku hiyo hiyo, mukapige na picha. Tafuteni uthibitisho wa malipo: kama mulituma kwa simu ujumbe upo, kama mulitoa mkononi nani alikuwepo. Hata risiti za tukuza, umeme wa kulipia kabla, mulizokuwa mukinunua kwa mita ya nyumba ile zinasaidia kuonesha kuwa mnakaa hapo.

Na hii ya kulipa miezi sita au mwaka mzima mkononi bila ya hata kipande cha daftari lenye saini, acheni. Kodi ya mwaka ni pesa nyingi, mtu hawezi kununua pikipiki bila risiti lakini anatoa milioni kwa mwenye nyumba na kurudi nyumbani mikono mitupu.

*Nimesoma Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema mgogoro unaanzia baraza la ardhi la kata. Mimi niko Chake Chake, baraza letu liko wapi?*

Halipo. Hiyo ni sheria ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake na Mahakama yake ya Ardhi. Tafadhalini mukisoma kitu kwenye simu tizameni kwanza kinazungumzia wapi, kuna mtu alikaa mwaka mzima anatafuta hati ya kimila ya kijiji huku kwetu.

*Baba yetu alifariki 2009. Ametuacha mama, wanaume wawili na wanawake watatu, na nyumba moja Magomeni. Mirathi haijagawiwa kwa sababu tuliona aibu mama yupo hai. Sasa kaka mkubwa kauza nyumba kwa milioni 80, sisi wanawake katupa milioni mbili mbili anasema hayo ndo yetu. Tufanyeje?*

Hili ndo swali lililonikosesha usingizi na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza hesabu, maana watu wanaogopa hesabu ya mirathi na ndio wanapodhulumiwa. Marehemu akiacha watoto, mke anapata thumni, moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, mwanamme mafungu mawili mwanamke moja. Kwenu nyinyi, kama baba hakuacha wazazi wake wala deni wala wasia, inakuja sawa kabisa: nyumba inakatwa mafungu nane, mama moja, kila binti moja, kila mwanamme mawili. Kwa milioni 80 mama ana milioni kumi, wewe na dada zako milioni kumi kila mmoja, na kaka zenu ishirini ishirini. Kwa hiyo hayo milioni mbili aliyokupa si fungu lako, fungu lako ni milioni kumi. Na kaka yako mdogo naye mtizameni kama kapata ishirini yake au naye kanyamazishwa.

Pili, kaka mkubwa si mmiliki. Kuzaliwa mwanzo hakumpi mtu nyumba. Mrithi anaweza kuuza fungu lake tu, yale mafungu sita mengine kauza mali ya watu. Mnunuzi naye hakuuliza, au aliuliza akaambiwa "sisi hatuna neno", basi akaridhika. Kwa hiyo mauziano yanapingika. Nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana mufungue mirathi kama haijafunguliwa, mupate orodha ya warithi na mafungu yao, na mgogoro wa nani anapata nini upelekeni kwa Kadhi. Nyumba yenyewe, yaani kuzuia isihaulishwe kwa mnunuzi, hiyo haraka muende na Mahakama ya Ardhi na mupeleke barua ya pingamizi Bodi ya Uhaulishaji, leo, si baada ya Ramadhani.

Mutaambiwa mnamuaibisha kaka yenu. Mutaambiwa dada mwema anamuachia kaka. Kuachia ni hiari, na hiari inakuja baada ya kujua fungu lako ni kiasi gani na kuwa nalo mkononi, mtu hawezi kusamehe kitu alichofichwa. Qurani imetaja mafungu haya kwa namba, Suratun Nisaa, halafu tunakuja sisi na mila zetu tunasema mwanamke ana mumewe atamlisha.

Na hiyo aibu ya kutogawa kwa sababu mama yupo hai, mimi naiona ndo chanzo cha nusu ya kesi ninazoziona. Kugawa si kumtoa mama ndani. Munaweza kugawa mafungu kwenye karatasi, kila mtu akajua lake, na mukakubaliana kwa maandishi kwamba mama anakaa mpaka siku yake. Mukiacha miaka kumi na tano, warithi wengine wanakufa, wanakuja watoto wao, fungu moja linakuwa mafungu tisa, mashahidi wameondoka, na aliyebaki na ufunguo ndiye anayeuza.

*Mchumba wangu ni Mtaliana, anataka ninunue ardhi Paje kwa jina langu kwa pesa zake, tuandikiane pembeni kwamba ni yake.*

Usifanye. Haki ya matumizi ya ardhi ni ya Mzanzibari, mgeni anapata ardhi kwa kukodishwa na Serikali kwa uwekezaji, au ananunua fleti kwenye mradi ulioidhinishwa chini ya Sheria ya Kondominio ya 2010. Hiyo karatasi ya pembeni imeandikwa kuikwepa sheria na mahakama haitoibeba. Mukigombana yeye atasema umemuibia, wewe utasema umepewa, na wote mutakuwa mumesema uongo Bodi. Pwani yote ya kusini na kaskazini imejaa magofu ya namna hii, hoteli nusu, mwenyewe kaondoka, kijana aliyetoa jina lake anafukuzana na mawakili.

*Nimenunua shamba Wete na miti yake. Wakati wa vuno kaja mzee na wanawe wanachuma karafuu, anasema mikarafuu kumi na nne ni ya babu yake.*

Kabla ya kumpeleka mzee polisi kasome ulichoandikiana. Huko kwetu Pemba ardhi na miti ni vitu viwili tokea zamani, mtu ana ardhi na mwengine ana mikarafuu au minazi juu yake, na miti inarithiwa peke yake. Muuzaji hawezi kukuuzia mikarafuu isiyo yake hata kama karatasi inasema "na miti yake". Mengine ilikuwa ya Serikali na mtu alikodishwa kuchuma tu, kwa hiyo uliza na hilo. Kaeni na sheha na wazee wa hapo, hapa ndo sheha anafaa hasa kwa sababu anajua nani kachuma wapi miaka yote. Ikithibiti ni ya mzee, yeye anachuma, wewe unalima chini, na mukitaka kuachana umlipe anunuliwe miti yake, kwa maandishi. Pesa ya ziada uliyolipa kwa mikarafuu hiyo mdai aliyekuuzia.

*Nakaa nyumba ya wakf Mji Mkongwe, nataka kuhamia Fuoni. Kuna mtu tayari kunipa kilemba (pesa ya kuachiwa nyumba) cha maana aingie yeye. Kuna tatizo?*

Lipo. Wakf, yaani mali iliyowekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hauuzwi, haurithishwi, na wewe ni mpangaji wa Kamisheni ya Wakf, huna cha kuuza. Rudisha ufunguo. Na huyo anayekuja asidhani atavunja ukuta aweke duka, Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tokea 2000 na matengenezo yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba zile ni za mawe na chokaa, zinashikana, ukitoboa ya kwako unaitikisa ya jirani. Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la kale la hapo hapo, iliporomoka Disemba 2020 na watu wakafa, na ile ilikuwa inatizamwa na kila mtu.

*Mimi na mume wangu tumejenga Mwera, kiwanja kiko kwa jina lake, mimi nimeuza dhahabu zangu na nimechukua mkopo wa vikoba. Sasa kanipa talaka anasema nitoke na begi langu.*

Usitoke bila kitu. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa Kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale ambapo kuna mchango wa kweli, na dhahabu na mkopo ni mchango wa kweli. Kazi ni kuthibitisha. Sonara aliyezinunua dhahabu zako yupo? Kikundi cha vikoba kina daftari, mwombe katibu akutolee nakala ya ukurasa wako kabla halijapotea. Risiti za saruji, za bati, fundi aliyelipwa na wewe, ujumbe wa simu mliokuwa mukizungumza ujenzi, usifute hata mmoja. Kusanya wiki hii, halafu nenda Mahakama ya Kadhi ya wilaya, na kama huna pesa ya wakili uliza msaada wa kisheria, wapo wasaidizi wa sheria mpaka kwenye shehia. Eda yako kaa nyumbani kwako, hiyo ni haki yako na hakuna wa kukutoa.