Maswali ya Wasomaji: Mtu Aliyeyapanga Maandamano ya Washington

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Historia katika shule ya sekondari. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukizungumzia Maandamano ya Washington ya mwaka 1963 ya kudai ajira na haki za Weusi wa Marekani, mwanafunzi wangu mmoja alisimama akaniuliza kama ni kweli kwamba aliyeyapanga hakuwa Martin Luther King bali mtu aitwaye Bayard Rustin, na kwamba mtu huyo alikuwa shoga. Darasa liliangua kicheko, nami nikakosa la kusema nikaendelea na somo. Je, ni kweli? Na kwa nini sijawahi kulikuta jina lake katika vitabu ninavyotumia?
Mwalimu, Iringa

JIBU: Ni kweli yote mawili, Mwalimu, na mwanafunzi wako anastahili kujibiwa mbele ya darasa lilelile lililocheka. Ila neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, limekwisha kugeuzwa tusi, kwa hiyo ningekuomba uwaambie tu kwamba Rustin alikuwa mwanamume aliyependa wanaume wenzake.

Alizaliwa mwaka 1912 huko West Chester, Pennsylvania, akalelewa na babu na bibi yake. Bibi huyo, Julia, alikuwa amekulia katika mafundisho ya Quaker, madhehebu yanayokataa vita, na msimamo huo ulimwingia mjukuu wake kiasi kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili alikubali kufungwa jela kuliko kushika bunduki. Mapenzi yake kwa wanaume hakuyafanya siri kwa waliomjua, ingawa wakati ule yalikuwa kosa la jinai katika kila jimbo la Marekani. Mwaka 1953 alikamatwa kwa ajili hiyo mjini Pasadena, California, akahukumiwa kifungo cha siku 60, na kuanzia hapo hukumu hiyo ikawa fimbo ya kila aliyetaka kumchapa.

Waliomchapa, Mwalimu, hawakuwa maadui peke yao. Mwaka 1956 Rustin alikwenda Montgomery, Alabama, wakati Weusi wa mji huo walipogomea kupanda mabasi yaliyowabagua, akaikuta nyumba ya King ikilindwa kwa bunduki, akawa miongoni mwa waliomsaidia kijana yule kuelewa kwa undani mbinu za Gandhi, ambazo Rustin alikuwa amekwenda kujifunza India. Miaka minne baadaye, Adam Clayton Powell, mbunge Mweusi wa Harlem, alimtishia King kwamba asipoachana na maandamano waliyopanga kuyafanya kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, angeeneza uvumi wa uongo kuwa yeye na Rustin walikuwa wapenzi. King hakumtetea, na Rustin akajiuzulu kazi ya kumsaidia King. Ninamheshimu sana King, lakini kila ninaporudia habari hii moyo wangu huuma, kwa sababu mwalimu alitupwa mkono na mwanafunzi wake.

Maandamano ya 1963 yalipokaribia, Roy Wilkins wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, alipinga Rustin kupewa uongozi. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, akauchukua uongozi yeye mwenyewe kisha akamteua Rustin kuwa naibu wake, na hivyo kazi yote ikarudi mikononi mwa mtu yuleyule. Walikuwa na wiki zipatazo nane. Kutoka ofisi yao ya Harlem, Rustin alihesabu mabasi, vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Aliwafundisha askari polisi Weusi wa New York kulinda umati bila silaha. Na wakati watu wa kujitolea wakifunga mikate 80,000 ya jibini katika kanisa la Riverside, maelekezo yaliyotumwa kwa waandamanaji yaliwashauri wajifungie mikate ya siagi ya karanga, kwa kuwa isingeharibika kwa joto la Agosti. Alisisitiza pia vipaza sauti vizuri, akiamini kwamba umati usiosikia hautulii. Hotuba ya King ambayo dunia nzima inaikumbuka iliwafikia watu wapatao 250,000 kwa sababu kuna mtu aliyeng'ang'ania vipaza sauti hivyo.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Seneta Strom Thurmond alisimama Bungeni akamtangaza Rustin kuwa mkomunisti na mpotovu, akiitumia ile hukumu ya Pasadena. Safari hii Randolph alijitokeza hadharani akasema ana imani naye, na wenzake hawakurudi nyuma. Hata hivyo, maandamano yalipokwisha, jina lake lilifunikwa kawa, kwa kuwa harakati ilitaka sura ambayo wapinzani wasingeipatia doa. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili.

Waambie wanafunzi pia kwamba mtu huyu alifika Dar es Salaam. Mwaka 1962, pamoja na Bill Sutherland na kasisi Michael Scott, alikuja kuandaa matembezi ya amani ya kuvuka kutoka Tanganyika kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kumuunga mkono Kenneth Kaunda. Matembezi hayakufanyika, kwa kuwa njia ya uchaguzi ilifunguka.

SWALI: Je, katika Afrika Mashariki yupo msanii aliyejitangaza waziwazi kuwa anapenda watu wa jinsia yake?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Alikuwapo mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, mshindi wa mwaka 2002 wa Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Waafrika, na mwanzilishi wa jarida la fasihi la Kwani?. Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43, alichapisha maandishi ambamo anajiwazia yuko kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, akimwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia kabla mama huyo hajafariki mwaka 2000. Wainaina alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, katika mji huohuo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi ya namna yake.