Kiti kimoja zaidi kimetoka wapi?
Ndugu, umeuliza inakuwaje mkoa wa watu 240,000 upate viti 3 vya bunge na jirani yake wa 230,000 aambulie 2. Si lazima kuwe na mkono wa mtu hapo. Kesi ni ya mabaki ya kugawanya. Tuseme mkoa wa tatu una 530,000: jumla milioni moja, viti 10, yaani kiti kwa kila watu 100,000. Gawanya: 5.3, 2.4, 2.3. Viti kamili ni 9. Cha 10 anachukua mwenye desimali kubwa baada ya nukta (0.4, yaani yule wa 240,000), maana mbunge hakatwi vipande! Njia hii ina vituko: Marekani, baada ya sensa ya 1880, ilionekana jimbo la Alabama lingepata viti 8 kama viti vyote vingekuwa 299, lakini 7 tu kama vingekuwa 300. Baadaye waliiacha.