Notisi ya mnada imefika: je, tumwandikie hati anayejitolea kutulipia benki?

SWALI: Mimi na mume wangu tuliweka nyumba yetu rehani ili kukuza biashara. Biashara ikaanguka, na sasa dalali ametuletea notisi ya siku 45. Kuna bwana anasema atalipa deni lote la benki, hati iandikwe jina lake kwa mwaka mmoja, sisi tubaki humo tukimlipa kodi, kisha atuuzie tena. Anataka kwanza shilingi 60,000 za kufungua faili. Wakili, mkataba wetu naye uwe na vifungu gani ili tuwe salama? – Mama M., Nakuru

JIBU: Mama, hakuna kifungu nitakachokuandikia, kwa sababu hatari haimo kwenye mkataba. Imo kwenye fomu ya uhamisho mtakayotia saini. Siku benki itakapoachilia hati na Msajili wa Ardhi akaandika jina la bwana huyo, ninyi mtakuwa wapangaji wake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 humtambua aliye kwenye hati kuwa ndiye mwenye mali, na kumwondoa itabidi mthibitishe mahakamani kwamba aliipata kwa ulaghai au kinyume cha sheria. Huku mkisubiri kesi, ataiweka rehani kwingine au atamuuzia mtu asiyejua lolote. Ile ahadi ya kuwauzia tena, kama ni ya mdomo, haina nguvu: kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mapatano ya ardhi yaandikwe, yatiwe saini na yashuhudiwe. Na hata akiwa mwaminifu, ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, utalipwa hati ikienda na ulipwe tena ikirudi.

Kinachonikera kila wiki ni kuona watu wakiikimbia benki kana kwamba ndiyo adui mkubwa. Benki imefungwa mikono na Sheria ya Ardhi ya 2012. Ni lazima iwape notisi ya miezi isiyopungua mitatu ya kulipa malimbikizo, kisha notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, ndipo dalali alete yake ya siku 45. Mke au mume aliyeridhia rehani naye apewe nakala. Nyumba ithaminiwe kabla ya kuuzwa, na benki itafute bei bora inayoweza kupatikana. Ikiuzwa kwa zaidi ya deni na gharama, baki ni lenu. Na mpaka nyundo igongwe, mnaweza kulipa na kuikomboa. Notisi moja ikirukwa, hapo wakili ana hoja ya kweli ya kupeleka mahakamani. Huyo bwana hafungwi na lolote kati ya haya. Mkishamwandikia hati, ulinzi wote huo mmeutupa kwa mikono yenu.

Hizo 60,000 msitoe. Andikieni benki leo, mwombe taarifa kamili ya mkopo na mpangilio mpya wa malipo. Kama hamuwezi kulipa kabisa, ombeni idhini ya kuuza wenyewe kabla ya mnada: mtafute mnunuzi, wakili wake aipe benki ahadi ya maandishi ya kulipa, ndipo benki iachilie hati. Inauma kuuza nyumba uliyolelea watoto, najua, lakini mara nyingi bei huwa nzuri kuliko ya mnada na kinachobaki kinaingia mfukoni mwenu.

Na si wewe peke yako unayetafutwa. Tangazo la mnada likichapishwa gazetini, simu huanza kuingia: huyu ana mtu ndani ya benki, yule anamjua karani wa mahakama, mwingine anataka mumpe mamlaka ya uwakili ili awahangaikie. Mamlaka hayo yanaweza kumwezesha kuuza bila kuwauliza. Wapo pia wanaouza zuio la mahakama, yaani amri ya kusimamisha mnada, kama dawa. Zuio halifuti deni. Mahakama huweza kulitoa kwa sharti la kuweka fedha, na riba huendelea kuhesabiwa. Anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK), mtandaoni, kabla hujamtumia hata shilingi. Asipokuwemo, usimpe nakala ya hati wala ya kitambulisho.